Naiona, Mkwe

Chai ilimwagika mezani, pembeni kabisa ya kikombe, na mzee hakujua.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kinachotazama dirisha, jua la asubuhi linampiga usoni, birika mkononi, anamimina huku anasimulia. Chai ikatambaa juu ya kitambaa cha meza kama mtu aliyepotea njia na hataki kuuliza. Mkewe alikuwa pembeni yake. Alinyoosha mkono, akakisogeza kikombe mpaka chini ya mdomo wa birika, akafuta palipolowa, akakunja kitambaa cha kufutia na kukiweka mapajani. Mzee akaendelea na hadithi yake mpaka mwisho, akacheka mwenyewe.

Aliyeona yote hayo ni mke wa mwanawe, aliyezaa pacha kwa uzazi wa kwanza, na tangu siku hiyo anaitwa Mama Pacha. Aliiona chai, akauona na mkono wa mama mkwe ulivyokuwa mwepesi. Mkono hauwi mwepesi hivyo kwa siku moja. Ule ulikuwa umeshazoea.

Angekuwa mzee mwingine ungesema, ah, uzee huo, nani atauruka. Lakini huyu alikuwa rubani, na mchana ule ule alikuwa na safari, kwenda na kurudi, na watu ndani. Uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho, kwa kuwa tangu ujanani alikuwa anahesabu mbuzi mlimani wakati wenzake bado wanautafuta mlima. Naye Mama Pacha alikuwa mwongoza ndege, anakaa juu ya mnara wa uwanja huo huo na redio mbele yake. Ndivyo walivyopangwa wawili hao: nyumbani mkwe anainamisha macho mbele ya baba mkwe, kazini baba mkwe yuko angani na mkwe ndiye wa kumwambia apite wapi.

Jikoni alijaribu kusema.

"Mama, baba haoni vizuri."

"Anaona."

"Chai, mama."

"Chai ni chai na ndege ni ndege." Mama mkwe alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Daktari kampima majuzi tu. Kamsomesha herufi zote ukutani, mpaka zile ndogo kama sisimizi. Wewe umekuwa daktari lini?"

"Chumba cha daktari kina kivuli, mama. Hapa jua linampiga machoni. Kwenye jua ndiko anakopotea."

"Sikiliza." Mama mkwe akaacha kusugua. "Mwisho wa mwaka anastaafu. Amekwenda na kurudi umri wako wote, hajakwaruza hata tairi. Unataka atolewe kwa mlango wa nyuma, kama mwizi wa kuku? Mwanangu, nyumba husitiri mambo. Sitiri."

Mumewe Mama Pacha alisema hayo hayo kwa maneno machache zaidi. "Ukisema, mimi uso wangu nitauweka wapi?" Akachukua mkoba wake akaenda zake kazini.

Basi Mama Pacha akasitiri. Na unajua, jambo la kusitiri lina uzito wake. Ukilibeba peke yako unaanza kutembea upande.

*

Kule angani kuna utaratibu wake. Mawingu yakiwa mazito, rubani anaongozwa kama kipofu, hatua kwa hatua. Siku ikiwa nyeupe, anaachiwa ashuke kwa macho yake mwenyewe. Aliye mnarani anamwambia tu: mbele yako kuna ndege fulani, unaiona? Akijibu naiona, anaambiwa haya, ifuate. Tangu hapo kukaa mbali na ile ndege ni mzigo wa rubani, si wa mnara tena.

Ni kama kupokezana mtoto mchanga. Huachii mpaka mwenzako aseme nimemshika. Akisema, unaachia. Ila wanawake wanaopokezana mtoto hutazamana mikono. Redioni hakuna mikono ya kutazama, kuna neno tu.

Rubani mgeni akija, walisema naye kwa lugha ya kazi, kavu na fupi, na kila alichoambiwa alikirudia ndipo ijulikane kaelewa. Lakini uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Wenyeji walijuana mpaka ya vyunguni, wakaongea redioni kama majirani wanaoongea juu ya ua. Utaratibu ukachakaa taratibu kama kanga ya kufulia, hakuna aliyeona siku ulipotoboka.

Mara moja tu, kabla ya siku hiyo ya chai, Mama Pacha aliwahi kumuuliza Jicho swali mara mbili. Alimwambia, "Baba, una hakika unaiona?" Sauti ya mzee ikashuka kutoka angani, nzito, yenye kicheko ndani yake: "Mkwe, mama mkwe wako nilimwona katikati ya wasichana wote wa mtaa mzima, na kulikuwa na vumbi. Nitashindwa kuona ndege?"

Uwanja mzima ulicheka. Wajaza mafuta walicheka, marubani walicheka, na msaidizi wake pale mnarani, mtu wa hali ya hewa anayeitwa Kasuku kwa vile hana siri, alicheka mpaka akafuta miwani. Wiki nzima kila aliyekutana naye alimuuliza, "Mama Pacha, una hakika unaniona?" Nyumbani mama mkwe hakucheka. Alisema, "Umemuuliza baba yako mara mbili mbele za watu?"

Hakuuliza tena. Mzee akisema naiona, anajibu ifuate, baba.

*

Alasiri ya siku ile ya chai hapakuwa na wingu hata la kufutia mkono. Jua lilikuwa limeteremka, limekaa sawasawa juu ya mwisho wa njia ya ndege, na aliyekuwa anakuja kutua alikuwa anaingia moja kwa moja mdomoni mwake. Upepo ulikuwa mdogo, unatoka huko huko liliko jua, na ndege hutua kwa kuutazama upepo. Hivyo ndivyo walivyotua mchana kutwa.

Mama Pacha alivuta pazia la kioo, likasaidia nusu. Kasuku alikuwa anatafuna karanga.

"Hali nzuri mno," Kasuku akasema. "Siku kama hizi mimi ningelipwa kulala."

"Unalipwa kulala siku zote."

"Kweli, lakini leo ningelala kwa moyo mweupe."

Ndege ndogo nyeupe ya shule ya urubani ilitua, ikajikokota kutoka njiani kuelekea kwenye maegesho. Nyuma yake redio ikakohoa. Alikuwa Kibiriti, rubani anayepeleka dawa kwenye zahanati za mbali kwa ndege nyeupe nyingine, ndogo vile vile, ndogo kama jina lake. Alikuwa na muuguzi aliyemaliza zamu yake.

"Mnara, niko kwenye mstari wa kutua. Mbali kidogo. Nakuja na mwendo wangu wa konokono."

"Njoo, Kibiriti. Wewe wa kwanza."

Kisha ikaja ile sauti nzito.

"Mkwe, nimerudi. Abiria wamejaa, wana njaa, mmoja anakoroma hapa pembeni yangu. Nipe njia."

Mama Pacha alimtafuta kwa darubini, akamwona upande wa kulia, juu, anakuja kwa kasi maradufu ya Kibiriti. Akabonyeza kitufe.

"Karibu, baba. Mbele yako kuna ndege ndogo nyeupe, ya Kibiriti, inakaribia kutua. Unaiona?"

Kimya kikapita. Si kirefu. Kilikuwa kimya cha mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi.

"Naiona, mkwe."

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo shetani alipokaa kitako. Kwa maana mzee hakusema uongo. Aliona ndege ndogo nyeupe. Jua lilikuwa limemwagika machoni pake kama maziwa, kila kitu kimekuwa mwanga mtupu, na ndani ya mwanga ule akaona kitu kimoja cheupe kinachotembea. Ile ya shule, iliyokwisha kutua, inayojikokota kutoka njiani. Akaona moyo wake umetulia. Kibiriti keshashuka, anapisha. Njia ni yangu.

Mama Pacha hakuyajua hayo. Alichojua ni kile kimya. Swali lilimjia mpaka kwenye ulimi, swali dogo ambalo hata mtoto huliuliza: iko wapi? Lilikaa pale ulimini likisubiri ruhusa. Akasikia vicheko vya wajaza mafuta. Akasikia sufuria inasuguliwa.

"Jicho keshaona," alisema Kasuku na karanga mdomoni. "Mpe njia, mzee ana njaa."

"Ifuate, baba," akasema Mama Pacha. "Wewe wa pili."

Akaachia mtoto.

*

Hakukaa. Alisimama, darubini machoni. Anayemfuata mwenzake hupunguza mwendo, hupanua mzunguko, hukaa nyuma. Jicho hakupanua chochote. Alikata kona mapema, akajinyoosha kwenye mstari wa kutua, akaanza kushuka. Na chini yake, mbele kidogo, Kibiriti alikuwa anashuka pia, pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi na kapu la mayai. Aliye juu haoni kilicho chini ya tumbo lake. Aliye chini haoni kilicho juu ya paa lake. Wote wawili walikuwa wanakwenda mahali pamoja, na ile nafasi kati yao ilikuwa inakwisha kama mshumaa.

Kasuku aliacha kutafuna.

"Mama Pacha..."

"Nimeona."

"Mbona hamfuati?"

Akabonyeza kitufe. Sauti iliyomtoka ilikuwa bado ya mkwe, ya chini, ya nyumbani. "Baba. Ile ndege uliyoiona. Iko wapi?"

"Iko chini, inatoka njiani." Kicheko kilikuwemo, kikavu. "Vipi, mkwe, na leo tena..."

"Siyo hiyo! Panda! Kibiriti yuko chini yako! Panda sasa hivi!"

Redio ikapiga mluzi. Kibiriti naye alikuwa amebonyeza kitufe chake wakati huo huo, hajui hili wala lile, kusema anakaribia. Sauti zao zikakanyagana na hapakusikika neno, ni ule mluzi tu. Mama Pacha hakujua ni kipi kimefika na kipi kimemezwa. Akabonyeza tena. Safari hii hakumwita baba. Aliita namba ya ndege yake, herufi kwa herufi, kama anamwita mtu asiyemjua, na akaamrisha kama askari.

"Panda! Acha kutua! Panda!"

Pale dirishani wakatazama. Ndege kubwa ikaendelea kushuka. Ikashuka. Magurudumu yake yalikuwa yananing'inia juu ya mabawa ya Kibiriti kama miguu ya mtu aliyekaa ukutani. Kasuku alifumba macho, akaanza kusema jina la Mungu, na jina la Mungu tu.

Kisha pua ikainuka.

Mngurumo ulitikisa vioo vya mnara. Ndege kubwa ikapita, tumbo wazi, juu ya ile ndogo, na upepo wake ukaipiga ile ndogo ikalala upande, ikainuka, ikalala upande wa pili. Iligusa chini kwa gurudumu moja, ikaruka, ikagusa tena, ikatoka nje ya njia na kusimama kwenye majani, vumbi limeifunika.

"Kibiriti?" aliita Mama Pacha.

Akabonyeza tena.

"Kibiriti!"

"Nipo," ikasema sauti ndogo. "Muuguzi yupo. Ni nini kile? Ni nini kile kilichopita?"

Hakumjibu. Kwa maana balaa lilikuwa bado angani, na lilikuwa na abiria.

*

Jicho alikuwa anazunguka juu ya uwanja. Itambidi ashuke tu. Ndege si ndege wa porini, haipati mti wa kulala. Na kutua ni kule kule, mdomoni mwa jua.

Mama Pacha alitazama kitufe. Alijua kila mwenye redio anasikiliza, rubani aliyeegesha, wajaza mafuta, Kibiriti kwenye majani. Swali alilotaka kuuliza lilikuwa la kumvua mzee nguo hadharani, na aliyekuwa anamvua ni mkwe wake.

"Uko salama?" akaanza.

"Niko salama."

"Njia. Unaiona?"

Kimya kikaja tena, kile kile cha kupapasa ukuta. Safari hii hakukijaza. Alikiacha kirefuke. Kasuku alimtazama, akatazama chini.

"Baba," akasema, "nauliza mara ya pili. Njia unaiona?"

Walisubiri. Injini ilisikika mbali, ikizunguka.

"Siioni, mkwe."

Hakuna aliyecheka.

"Naona mwanga," mzee akasema. "Mwanga mtupu. Nimekuwa naona mwanga mtupu siku nyingi, jioni hizi."

Mama Pacha akashika ukingo wa meza. "Basi lipe jua kisogo. Zunguka, njoo kwa upande wa mlimani. Upepo utakusukuma mgongoni kidogo, lakini ni mdogo na njia ni ndefu. Umenielewa?"

"Nalipa jua kisogo. Nakuja kwa upande wa mlimani. Upepo mgongoni." Alirudia neno kwa neno, kama kijana wa siku ya kwanza. Hakuwa amerudia hivyo miaka.

Alizunguka. Mama Pacha hakumwachia hata dakika.

"Sasa unaona nini?"

"Ghala. Paa lake la bati."

"Kushoto kwake?"

"Njia. Nyeusi. Naona na mistari yake."

"Kuna nini juu yake?"

"Hakuna kitu. Kibiriti yuko pembeni, kwenye majani. Naona..." Sauti ikamkatika. "Naona mlango wake uko wazi na mtu kasimama."

"Tua, baba."

Akatua vizuri, kama alivyotua maisha yake yote. Wanasema yule abiria wa mbele aliyekuwa anakoroma aliamka gurudumu lilipogusa chini, akauliza kama wameshafika.

*

Mkuu wa uwanja aliandikiwa yote jioni ile, na aliyeanza kuyasema ni Jicho mwenyewe. Kibiriti alikuja na ngumi zake, lakini alipomkuta mzee bado amekaa kwenye kiti cha rubani, mkono kwenye usukani, anatazama mbele, ngumi zilifunguka zenyewe. Alisema tu, "Kepteni, ningekufa," akaenda kukaa chini kivulini na muuguzi.

Habari zilitangulia nyumbani. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Umemvua nguo mume wangu," alimwambia Mama Pacha. "Hewani. Na dunia nzima inasikiliza."

"Mwache," mzee akasema nyuma yake. "Nilikuwa uchi zamani. Mlikuwa mnanifunika na kitambaa cha kufutia chai."

Akaingia, akashika njia ya kwenye kiti chake cha dirishani. Mkewe akakimbilia kukigeuza kitazame ukuta. Mzee akamkataza. Akakaa, jua la mwisho lililogonga bati la jirani likampiga usoni, akanyoosha mkono mezani na mkono ukasimama katikati.

"Mkwe," akasema. "Kikombe kiko wapi?"

Mama mkwe alinyanyuka. Mama Pacha alimgusa bega, mama mkwe akaketi.

"Mbele yako, baba. Kulia kidogo. Hapo."

Akakipata. Akamimina taratibu, kidole kikiwa ukingoni, na halikuanguka hata tone. Mumewe Mama Pacha alisimama mlangoni na mkoba wake, asijue auweke wapi.

Wakanywa. Lakini Mama Pacha alianza kuhesabu. Jioni zote zile. Jua lilikuwa pale pale, naye mzee alisema naiona, mkwe, na yeye akasema ifuate, baba, na ndege zikatua, na watu wakashuka wakienda zao na mizigo yao, wakipungia mkono.

"Baba," akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na zile siku nyingine?"

Mzee alikiweka kikombe chini. Safari hii kilikwenda sawasawa juu ya kisahani, hakikulia. Alitazama dirishani, kwenye mwanga.

Mama mkwe akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa kavu.